Ukijaribu darubini ya bunduki, sogeza jicho

Kwa wenzangu wa shabaha za mbali hapa Dodoma. Kabla ya kulipia darubini, omba kuijaribu uwanjani: laza bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, ielekeze shabaha ya mita 300, usiiguse tena. Sogeza jicho tu, kushoto na kulia. Msalaba unaouona ndani ya darubini ukitembea juu ya shabaha, hiyo ni paralaksi. Picha ya shabaha haijaangukia pale msalaba ulipo. Zungusha kirekebishi cha paralaksi, kile kitufe cha pembeni mwa darubini, mpaka msalaba utulie (namba zilizoandikwa pale usiziamini sana). Msalaba usipotulia, iache darubini hiyo. Darubini zisizo na kirekebishi mara nyingi zimepangwa kiwandani kwa mita 90 hadi 140 hivi. Saa saba mchana usijisumbue: mazigazi (mawimbi ya hewa ya joto) huchezesha kila kitu. Nenda asubuhi.