Damu chooni baada ya mionzi: mambo ya kuzingatia kabla ya kutibiwa

Aliyepigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya shingo ya kizazi au tezi dume anaweza kuanza kuona damu chooni miezi mingi, hata miaka, baada ya kumaliza matibabu. Kabla hujapanda kivuko kutoka visiwani kuja Mwanza kutibiwa, panga haya.

Beba karatasi za mionzi: eneo, dozi, tarehe ya mwisho. Andika dawa zote unazotumia, hasa aspirini, diklofenaki na za kuyeyusha damu. Usiziache bila kumuuliza daktari. Pima wingi wa damu mwilini. Pima na kichocho, maana huku ziwani nacho huleta damu chooni, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Hili sasa lishike sana: kabla hujaingizwa kipimo au kukatwa, sema kwa mdomo wako, "Nilipigwa mionzi." Usitegemee faili. Mambo huharibika hivi: mama wa Ukerewe anafika zahanati, miaka miwili imepita, haunganishi damu na mionzi, wala haitaji. Anaambiwa ni bawasiri, anakatwa. Au anapigwa kamera, yaani mpira wenye kamera unaoingizwa njia ya haja kubwa, na kinyama cha kupimwa kinanyofolewa ukuta wa mbele wa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mionzi huziba mishipa midogo ya damu, kwa hiyo nyama ile haiponi vizuri. Kidonda huchimba mpaka tundu linafunguka kati ya puru na uke, kinyesi kinapita huko, na anaweza kuishia kutobolewa tumbo ili choo kitokee hapo. Kamera yenyewe isikwepwe, kwani saratani nayo hutoa damu. Ila anayeishika ajue anachokigusa.

Damu ikiwa kidogo, mara nyingi hutosha kulainisha choo na kumeza vidonge vya madini ya chuma, vinavyofanya choo kiwe cheusi. Ikiendelea, daktari anaweza kuagiza sukralfeti ya kuingiza njia ya haja kubwa, kwa kawaida gramu 2 ndani ya maji, mara mbili kwa siku. Ina aluminiamu, hivyo mwenye shida ya figo aseme mapema.

Wengine huchomwa mishipa inayovuja kwa cheche ya umeme inayopita kwenye gesi ya agoni, kupitia kamera. Hapo kunywa dawa yote ya kusafisha tumbo. Kuoshwa sehemu ya chini peke yake hakutoshi: gesi ya kinyesi iliyobaki utumboni inaweza kulipuka cheche ikiigusa. Weka na nauli ya kuja tena hospitali, kwani mara moja haitoshi kwa wengi.

Usijiingize mitishamba huko nyuma. Ukiona mabonge ya damu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, usingoje kivuko cha asubuhi; anza na kituo cha afya cha karibu, na ndugu wa kuchangia damu waje nawe.