Lini uandike “your coming” na lini “you coming”

Mwongozo huu ni wa wanaowaandikia wageni kila siku: wenzangu wa mapokezi Nungwi na Paje, watembezaji wageni wa Mji Mkongwe, na wanafunzi wa skuli wanaojiandaa na mitihani. Kanuni hii huogopwa bure. Mswahili anayo tayari kinywani.

Hatua ya 1: iseme kwanza kwa Kiswahili. Tazama kitenzi kimekaaje. Ukipata *ku-* na *kwa*, kama “kuja kwako” au “kuchelewa kwa Asha”, kitendo kimekuwa jina na kina mwenyewe. Kiingereza nacho humtaja mwenyewe huyo kwa kimilikishi, yaani *my, your, his, her, our, their*, kisha kitenzi hupewa *-ing*. “Tunathamini kuja kwako” ni “We appreciate your coming.” Mwenyewe akiwa jina, mpe ritifaa (’) na *s*: “Asha’s arriving late upset the driver.” Sikiliza upatanisho: kuchelewa kwa Asha *kulimuudhi* dereva, si *alimuudhi*. Kilichoudhi ni kuchelewa. Asha mwenyewe hana ubaya na dereva. Hiyo ndiyo kazi ya ile *’s*.

Hatua ya 2: ukipata *-ki-*, kimilikishi kiache. “Niliwaona wakishuka boti Malindi” ni “I saw them getting off the boat.” Usiandike *their*. Ndivyo ilivyo kwa *hear, watch, notice* na *find*.

Hatua ya 3: ukipata *uje, aje, waje*, tumia *to*. “Nataka uje mapema”: “I want you to come early.”

Hatua ya 4: jihadhari na asante. Hapa Kiswahili chenyewe hupoteza watu. “Asante kwa kuja kwako” huandikwa “Thank you for your coming”, na nimeiona kwenye baruapepe nyingi za hoteli nzuri. Wenye lugha yao husema “Thank you for coming.” Unayemshukuru ndiye aliyekuja, na *you* imeshamtaja, kumtaja tena ni kurudia. Mtendaji akiwa mwingine, kimilikishi hurudi: “I apologise for our driver’s keeping you waiting.”

Hatua ya 5: pima mahali ulipo. “Do you mind my sitting here?” na “Do you mind me sitting here?” zote utazisikia. Mwaka 1926 Mwingereza H. W. Fowler, mwandishi wa vitabu vya matumizi ya Kiingereza, aliikemea vikali hiyo ya pili. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, akaitetea. Shauri langu: ufukweni sema upendavyo, lakini kwenye maombi ya kazi, barua rasmi na mtihani shika kimilikishi, hasa sentensi inapoanza nacho: “His leaving surprised us.”

Kwa vitu visivyo na uhai, na majina marefu, *’s* huachwa hata kwenye maandishi rasmi. Kupwa kwa maji kunaweza kuharibu safari ya fungu la mchanga, nawe utamwandikia mgeni: “There is a risk of the tide going out early.” *Tide’s* hapo ingekwaruza sikio.

Jaribu mwenyewe: “Nilimsikia akiimba”, “Sipingi kuondoka kwao leo”, “Tunaomba usubiri.” Majibu: “I heard him singing”, “I don’t object to their leaving today”, “We ask you to wait.”