Umepatikana na ugonjwa mpya na tayari unapokea pesa ya CNSS: namna ya kuutangaza hapa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu anayepokea pesa ya CNSS, kasha la taifa la usalama wa jamii (wazee wetu wengi bado wanaiita INSS), kwa sababu mwili ulishindwa kazi, halafu munganga akamwambia ana ugonjwa mwingine. Mimi ni asista sosiali, na katika kazi hii ninakutana na woga kuliko kitu kingine chochote. Papa anaficha karatasi za hospitali chini ya godoro, akiogopa kwamba wakiziona watamkatia pesa. Mama anakimbilia biroo na jina la ugonjwa tu, anarudi bila kitu.

CNSS hailipi jina la ugonjwa. Inalipa nguvu ya kazi uliyopoteza, na inauliza nguvu hiyo ilipotea kwa sababu gani. Hatua zote zilizo hapa chini zinajibu maswali hayo mawili.

Hatua ya 1: Anza dawa

Usisubiri dosiye. Kama ni kifua kikuu, dawa zake ni za bure kwenye vituo vya serikali vinavyotibu ugonjwa huo, na matibabu ya kawaida ni ya miezi 6. Weka kadi ya matibabu vizuri, maana ni ushahidi pia.

Hatua ya 2: Soma barua yako ya zamani

Tafuta ile barua ya uamuzi iliyokufungulia malipo. Chini ya sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 kuna njia mbili, na watu huzichanganya kila siku.

Rante, yaani malipo yanayoendelea, ni ya ajali ya kazi au ugonjwa wa kazi. Munganga anapima umepoteza asilimia ngapi. Kuanzia 15% unalipwa rante. Chini ya hapo unapewa pesa mara moja na kumaliza.

Pensheni ya invalidite (ya kushindwa kazi) ni ya ugonjwa au ajali isiyotoka kazini. Hapa kipimo ni kwamba huwezi tena kupata zaidi ya theluthi moja ya kile anachopata mfanyakazi mwenye masomo kama yako.

Tofauti hii ndiyo inaamua thamani ya habari yako mpya. Mwenye rante ya 30% ambaye hali ya ugonjwa wake wa kazi imezidi anaweza kuomba apimwe upya, asilimia ipande. Lakini mwenye rante ya mguu uliovunjika mgodini, kisha akapatikana na ugonjwa wa sukari, sukari hiyo haitaongeza asilimia ya mguu. Aulize kama historia ya michango yake inamfungulia ile njia ya pili. Na mama ambaye tayari anapokea pensheni ya invalidite kwa kupooza upande mmoja, akipatikana na tansio, asitegemee pesa kuongezeka. Hata hivyo aitangaze: siku watakapopima tena kama bado ana haki, dosiye itaonyesha hali yake yote.

Hatua ya 3: Karatasi ya munganga

Hapa ndipo dosiye nyingi zinafia. Sertifika yenye mstari mmoja, "anaugua ugonjwa fulani", haimsaidii mtu. Mwombe munganga aandike: ugonjwa ni upi na umethibitishwa kwa kipimo gani (picha ya radio, makohozi, damu), ulionekana lini, unakuzuia kufanya nini, kwa mfano kupanda ngazi, kubeba mzigo, kusimama saa nzima, na kama anaona uhusiano na ugonjwa au ajali ya kwanza.

Hilo la mwisho ni zito sana kwa jiji letu la migodi. Chukua mfano wa mzee wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, aliyetoboa mawe maisha yake yote, ana rante ya silikozi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe. Vumbi la silika likishaumiza mapafu, kidonda hakiponi, na makovu yanaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha mgodi. Mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mzee huyo akipatikana na kifua kikuu, asikitangaze kama ugonjwa uliokuja peke yake. Munganga wake akiona uhusiano, na aandike. Asipouona, usimlazimishe, munganga mshauri wa CNSS atakupima mwenyewe.

Ongeza historia ya kazi: sertifika ya kazi, fishi za mshahara, nambari yako ya uanachama. Najua kwa waliotoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwenye ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, na kwa wale wa kampuni ndogo zilizofunga milango, karatasi hizo zimepotea. Tafuta beji ya zamani, karatasi za hospitali ya kampuni, na wenzako wa timu moja wanaoweza kuandika mlifanya kazi gani na wapi. Ni kazi ya kuchosha. Ifanye tu.

Hatua ya 4: Barua

Biroo inafanya kazi kwa Kifaransa, basi tafuta mtu akuandikie, lakini wewe ndiye useme kilichomo. Iwe fupi:

"Ninapokea rante nambari … tangu … kwa ajili ya silikozi. Tarehe … nimepatikana na … Kwa sasa siwezi tena … Munganga anaona uhusiano na ugonjwa wangu wa kwanza (sertifika imeambatishwa). Ninaomba hali yangu ipimwe upya."

Peleka na fotokopi za karatasi zote. Orijino zibaki kwako. Beba nakala ya pili ya barua, wakupigie muhuri na tarehe juu yake. Bila akize hiyo, kesho watakuambia hawajaona chochote, na hutakuwa na la kujibu. Siku ya kontroli ya kuhakikisha wapensheni wako hai si siku ya kutangaza ugonjwa: neno la mdomo pale halibaki kwenye dosiye.

Hatua ya 5: Mbele ya munganga mshauri

Usiende ukijikaza, jinsi wazee wetu wanavyofanya kwa heshima. Akiuliza "unaendeleaje, Papa?", usijibu "tuko". Sema unaamka mara ngapi usiku kukohoa, nani anakuogesha, unatembea hadi wapi kabla ya kupumzika. Usiongeze chumvi pia. Kupima upya kunaweza kupandisha, kuacha palepale, au kushusha kama hali imekuwa nafuu. Ndiyo maana kabla ya kuandika barua ninakaa na mtu na munganga wake, tunaangalia kama kweli hali imezidi.

Hatua ya 6: Jibu

Endelea kuchukua malipo yako kama kawaida. Kuomba upimwe hakukulazimishi kuyaacha. Wakikataa, dai uamuzi wa maandishi wenye sababu, kisha mwone delege wa sendika au wakili upesi, maana muda wa kupinga una mwisho. Magomvi ya usalama wa jamii yanasikilizwa na mahakama ya kazi, na huko utaulizwa vitu viwili kwanza: barua ya kukataliwa, na ile nakala yenye muhuri.