Rekodi mhadhara kwa MKV kwanza
Unaporusha mhadhara mubashara kwa OBS Studio, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, tafadhali rekodi pia nakala kwenye diski ya kompyuta yako, na uihifadhi kwa muundo wa faili za video uitwao MKV. Faili ya kawaida ya MP4, muundo mwingine wa video, huandikiwa faharasa yake (orodha ya mahali kila kipande kilipo) mwishoni kabisa, hivyo umeme ukikatika katikati ya kipindi, saa nzima ya mhadhara yaweza kubaki faili isiyofunguka, ilhali MKV hutunza karibu yote yaliyokwisha kuandikwa. Niliwahi kupoteza mhadhara wa dakika 90 kwa namna hiyo, na mhadhiri hakupata nafasi ya kuurudia.

Kipindi kikiisha, amri moja ya FFmpeg, programu ya kugeuza faili za video, nayo huria, yatosha kupata MP4:

ffmpeg -i mhadhara.mkv -c copy mhadhara.mp4

Maneno "-c copy" huhamisha picha na sauti bila kuzibana upya, kwa hiyo ubora haupungui na kazi huisha upesi hata kwenye kompyuta dhaifu. Ile MKV usiifute mpaka uwe umeitazama MP4 mwanzo, katikati na mwisho.