Kiwavijeshi anatafuna, kidukari anafyonza

Mkulima akikuta mahindi yameharibika, swali la kwanza huwa "nipulize dawa gani?" Ni swali zuri, ila limewahi. Anza na mdomo wa mdudu.

Kiwavijeshi vamizi ana taya. Akiwa mdogo hukwangua jani mpaka ubaki utando unaopitisha mwanga. Akikua huingia kwenye moyo wa mhindi na kutafuna majani yangali yamejikunja. Yakifunguka, utaona matundu yamejipanga mstari. Panua moyo kwa vidole: kinyesi chake ni kama vumbi la mbao lililoloa. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa 4 meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mama yake ni nondo anayetaga mayai kwa mafungu, na hapo ndipo rahisi kummaliza: ponda fungu zima kwa vidole. Akishajichimbia moyoni, kinyesi kinakuwa kizibo, na dawa iliyopulizwa juu juu haimfikii. Elekeza nozeli kwenye moyo, asubuhi na mapema au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo.

Kidukari, ambaye wengine humwita mdudu mafuta, hana cha kutafunia. Ana mrija kama sindano, anachoma na kufyonza utomvu. Jani halitoboki, hujikunja, hunata, kisha huota ukungu mweusi kama masizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza majani utazame chini yake. Huyu hangoji dume: jike huzaa watoto walio hai, na kukiwa na joto, baada ya wiki moja hivi nao wanazaa. Tena hueneza virusi, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya. Ukizidisha mbolea ya naitrojeni, umemwandalia karamu.

Mimi kidukari simkimbilii na sumu kali. Maji yenye sabuni kidogo humuua yakimgusa mwilini, mradi yafike chini ya jani. Sumu kali huwamaliza pia mbawakavu wekundu wenye madoa meusi na mabuu yao, ambao chakula chao ni vidukari. Vidukari wanaosalia huzaana bila wa kuwapunguza.

Maji hayohayo ya sabuni ukimmwagia kiwavijeshi aliyekomaa, umemwogesha tu.