Nguzo za Mlingoti kwa Uzio wa Shamba: Kuanzia Kukata hadi Kushindilia

Uzio wangu wa kwanza ulianza kuanguka mwaka wa tatu, mtamba alipojikuna kwenye nguzo ya kona. Nilipoing'oa, niliona kwamba juu bado ni ngumu na kitako ni kigumu vilevile. Kilichooza ni shubiri moja tu pale usawa wa ardhi, ambapo unyevu na hewa hukutana. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuilinda shubiri hiyo.

Kwanza, kata wakati wa kiangazi miti ya mlingoti (mkaratusi) iliyokomaa, yenye unene wa sentimita 10 hadi 12, na ya kona isipungue 15. Mti mchanga una kiini chembamba, na ule mti mweupe unaokizunguka ndio mchwa huuanza. Urefu wa mita 2.1 unatosha, na wa kona 2.4 kwa kuwa shimo lake huenda chini zaidi.

Pili, bandua magome siku hiyohiyo. Yakiwa mabichi hutoka vipande virefu kwa panga butu, lakini yakikauka utayachonga kwa jasho. Zipange nguzo kivulini juu ya magogo, zikiachana kidogo ili hewa ipite, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mlingoti hupasuka ncha ukikauka upesi, hivyo mimi hupaka ncha zote rangi ya mafuta iliyobaki.

Tatu, nguzo zikishakauka kabisa, paka lami ya moto kuanzia sentimita 30 chini ya usawa wa ardhi hadi 10 juu yake, ukikiacha kitako bila lami ili maji yatoke. Lami juu ya mti mbichi hufungia unyevu ndani. Oili chafu, ambayo majirani wengi huipenda, haipenyi sana na huchuruzika udongoni. Karibu na kisima au bustani ya mboga siitumii kamwe.

Nne, chimba kwa mtaimbo shimo la sentimita 60, na la kona 90, kila baada ya mita 3. Tandaza kokoto chini, simamisha nguzo, kisha rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine (wasaidizi hupenda kujaza shimo lote na kukanyaga juu, nawe usikubali). Malizia kwa kifusi kinachoteremsha maji mbali na nguzo, na ukate kichwa chake mshazari. Nguzo za kona zipe mwega kabla ya kuvuta seng'enge.

Kila baada ya masika, fukua kidogo shinani na udunge kwa ncha ya kisu. Kikizama zaidi ya sentimita 2 bila kulazimishwa, badilisha nguzo hiyo kabla mtamba hajaijua.