Mkienda kutembea Mikindani na watoto, angalieni upupu

Wenye watoto, Jumapili msiishie ufukweni tu. Pandeni daladala kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani, mshike njia ya miguu nyuma ya Boma lile la Wajerumani la 1895. Ni nyasi, vichaka na miti, na ukigeuka unaiona ghuba yote. Nendeni asubuhi, jua la huku halina adabu.

Ila kuanzia Juni hivi, mvua zikishakatika, upupu unakauka na upepo wa kusi unaupeperusha. Ni vimaganda vya kahawia vyenye manyoya yanayowasha, na watoto wanavipenda kweli! Wavalisheni suruali ndefu. Upupu ukimpata mtoto, asijikune. Mvue nguo kwanza, vinyweleo vinabaki humo. Bebeni fulana ya akiba.